Barua kwa mwanangu: watoto tuwaandae kwa dunia ipi?

Muheza, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma kwa makini, na maswali yako nayarudia hapa ili mumeo naye akisoma ajue ninajibu nini. Umeuliza mjukuu wangu mkubwa achague tahasusi gani, yaani mchanganyiko gani wa masomo, atakapomaliza kidato cha nne, kwa kuwa unasikia kila siku kwamba kazi nyingi zitafanywa na akili mnemba kabla hajatoka chuoni. Umeuliza umjibu nini mdogo wake, anayesema hakuna haja ya kujifunza kuandika insha wakati simu inaandika vizuri kuliko mwalimu wake. Kisha umeuliza kama tunaweza kuliuza shamba la huku ili watoto wahamie shule yenye ada kubwa zaidi, kwa sababu, kama ulivyoandika, dunia inayokuja haitabiriki na elimu ndiyo urithi pekee usiopotea.

Nitakujibu kama mwalimu aliyefundisha watoto wa wafanyakazi wa mkonge. Dunia isiyotabirika niliiona ikiwafikia wanafunzi wangu na wazazi wao, na naweza kukueleza ilimkuta nani akiwa na nini.

Wewe uliyakuta mashamba yamekwisha kuchakaa, kwa hiyo huenda hujui yalivyotegemewa. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche aliyoiagiza kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyofuata reli kupitia Muheza, Korogwe na Mombo, hata kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Watu walitoka Kigoma, Songea, Iringa, Burundi na Msumbiji wakaja kufanya kazi kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakazaa na kulea kambini. Mzazi yeyote wa Korogwe wa miaka ile, kama angeambiwa kwamba mwanawe akijifunza kazi ya mkonge atakuja kulala njaa, angemwona msemaji huyo hana akili timamu, na hoja zake zingekuwa na nguvu: wakulima wa Ulaya na Marekani hawawezi kufunga majani ya mifugo yao bila kamba, meli haziwezi kwenda bila kamba, na mkonge unastahimili ukame unaoua mahindi.

Kilichouangusha hakikuanzia shambani. Kamba za plastiki itokanayo na mafuta ya petroli zilianza kuuzwa kwa bei ambayo katani, yaani nyuzi za mkonge, haikuweza kushindana nayo. Mashamba mengi yakawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha ikaja miaka ambayo nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu na tani 20,000. Huku kambini anguko hilo halikuja kwa siku moja. Mishahara ilianza kuchelewa, korona moja, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, ikazimwa, kisha nyingine, na sisi walimu tuliliona kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kulisikia redioni, kwa kuwa majina ya watoto wa kambi yalikuwa yakikatika moja baada ya jingine, wengine wakiwa wamehama na wengine wakiwa wamekwenda kuuza kuni.

Sasa nikueleze kuhusu baba yako, maana naona hujawahi kuyapata haya kwa utaratibu. Alipoajiriwa kwenye korona, fundi mkuu aliyekuwa juu yake hakumruhusu kugusa mashine mpaka aweze kueleza kwa mdomo kwa nini gurudumu la visu linazunguka kwa kasi ile, kwa nini visu vikisogezwa karibu mno vinakata singa, yaani nyuzi zenyewe, na vikiachwa mbali vinabakiza nyama ya jani, mkanda ukilegea nguvu inapotelea wapi, na beringi inayopata moto inalalamikia nini. Baba yako aliona anateswa. Lakini korona ilipozimwa, alikuwa anaelewa kila kitu kinachozungushwa na injini, na haukupita muda akaanza kutengeneza mashine za kusaga nafaka hapa Muheza, kisha pampu za maji, na ada yako ya sekondari ilitoka huko. Walikuwapo wenzake waliofanya kazi ileile kwa miaka mingi zaidi, waliofundishwa tu kupaka grisi na kuwasha na kuzima. Hao hawakuwa wavivu wala wajinga, ila walichokijua kilikuwa kimefungwa ndani ya mashine moja ya mwajiri mmoja. Tena kazi iliyotamaniwa na wazazi wengi kambini ilikuwa ya karani wa mizani, aliyevaa shati safi na kuandika uzito wa marobota kwa mwandiko mzuri, nayo ndiyo iliyokwisha mapema kuliko zote.

Kwa hiyo, kuhusu tahasusi, shauri langu ni kwamba usimwulize kijana ni kazi gani itakuwa na soko mwaka 2040, kwa kuwa swali hilo hakuna anayeweza kulijibu, na watakaokujibu kwa uhakika mkubwa mara nyingi wana kitu wanachokuuzia. Mwulize ni somo gani yuko tayari kulichimba mpaka chini. Akiwa anapenda fizikia na hisabati, na asome fizikia na hisabati, kwa sababu kanuni za nguvu, joto na umeme hazitegemei kampuni yoyote kuendelea kuwapo. Akitaka ufundi, mruhusu. Tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeingizwa katika sekondari zetu, na inaniuma kusikia wazazi wasomi wakiuita mkondo wa walioshindwa. Fundi umeme anayejua kwa nini saketi inafanya kazi ana nafasi nzuri kuliko mwenye shahada aliyekariri majibu ya mitihani iliyopita. Ninachokuomba usikikubali ni kumkusanyia kozi fupi nyingi za vitu vinavyovuma, kila moja ikimpa cheti na hakuna hata moja inayompa uelewa.

Mdogo wake amesema jambo ambalo usilipuuze, kwa kuwa ni kweli kwamba simu inaandika insha. Usimkataze kuitumia, maana ataitumia ukiwa kazini. Mfanyie yale ambayo baba yako alifanyiwa: akileta insha iliyoandikwa na akili mnemba, funga daftari, mkae barazani, akueleze kwa maneno yake hoja ya kwanza ni ipi, inategemea nini, na mtu asiyekubaliana nayo angesema nini. Akiweza, basi amejifunza, hata kama alisaidiwa. Akishindwa, na aiandike upya kwa mkono wake. Nilifundisha darasa la wanafunzi wengi kuliko madawati tangu miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, na katika miaka yote hiyo hakuna kipimo nilichokiamini kuliko mtoto kueleza bila kutazama popote. Kuandika kunamfundisha mtoto kupanga mawazo yake mwenyewe, na mtoto asiyeweza kuyapanga hataweza kutambua pale mashine inapomdanganya kwa lugha nzuri.

Hilo la kudanganywa nalichukulia kwa uzito mkubwa. Fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, nilifurahi kuona akina mama wa sokoni, waliokuwa hawajawahi kuwa na akaunti ya benki, wakituma na kupokea fedha. Haukupita muda mrefu tukaanza kupokea ule ujumbe ambao kila Mtanzania anaujua, wa "ile hela itume kwenye namba hii." Walioliwa hawakuwa wale wasiosoma peke yao. Miongoni mwao walikuwamo walimu na watumishi wenye elimu, waliotuma kwa sababu walikuwa na haraka na mtu fulani kweli alikuwa anawadai. Waliosalimika walikuwa na desturi moja, ya kumpigia mhusika kwanza. Wajukuu zangu wataishi katika dunia ambayo sauti yako na sura yako zitaweza kughushiwa na kuwaomba fedha. Wazoezeni tangu sasa kwamba jambo lolote linalodai uamuzi wa haraka linasimamishwa mpaka lithibitishwe kwa njia nyingine, na wasione aibu kumsimamisha hata mtu mzima, hata mimi bibi yao.

Nakuja kwenye shamba, na hapa nitakuwa mkali kidogo, mwanangu. Umesema elimu ndiyo urithi pekee usiopotea, nami niliyeishi kwa kufundisha naamini sehemu kubwa ya maneno hayo. Lakini kambini, familia zilizoumia zaidi mkonge ulipoanguka ni zile ambazo nyumba yao ilikuwa ya mwajiri, chakula chao kilitoka duka la shamba, na jamaa zao wa Kigoma au Msumbiji walikuwa wameshapoteana nao. Waliokuwa na ekari moja tu ya muhogo pembeni hawakuwa matajiri, ila walipata muda wa kufikiri. Mtu asiye na akiba ya chakula hawezi kusubiri, na asiyeweza kusubiri huchukua kazi ya kwanza anayopewa kwa malipo yoyote. Unataka watoto wasome ili wawe na uwezo wa kuchagua, na shamba nalo linawapa uwezo huohuo.

Usiniambie kwamba tutauza na kuweka fedha benki. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 8, na mwaka 1990 ilikuwa karibu shilingi 195. Watu waliostaafu katikati ya miaka hiyo na kuhifadhi kiinua mgongo chao kwa uaminifu walijikuta fedha iliyokuwa ya kujengea nyumba inanunua mabati machache. Sisemi hayo yatarudi vilevile. Nasema ardhi haizidi kuwa nyingi: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na zaidi, ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 61, na mipaka ya nchi ni ileile. Wajukuu zangu wakija kuitafuta ardhi wakiwa na umri wako, sijui watainunua kwa nani na kwa bei gani.

Shule waliyopo sasa ina walimu wanaoingia darasani, na daftari ulizonipigia picha zinaonyesha kazi zinasahihishwa. Hilo linatosha. Tofauti ya ada unayotaka kuilipa ingekwenda zaidi kwenye basi, sare na majengo. Itumie kununua vitabu, na kuwaleta watoto huku mara kwa mara ili wawajue ndugu zao kwa majina na kwa sura, wajue kwenda msibani na kukaa na watu wasiosema kama wao. Nimeona wanafunzi wangu wakipata pa kuanzia Dar es Salaam, Arusha na hata Muscat kwa sababu tu kulikuwa na mtu wa kuwapokea, na mtu huyo aliwapokea kwa kuwa wazazi wao walikuwa hawajakata mguu kwake.

Jambo la mwisho linahusu namna unavyozungumza mbele yao. Katika barua yako umeandika kwamba pale kazini kwako madirisha ya huduma yamepungua, na kwamba mkubwa amekuwa hapati usingizi akiwaza. Naelewa hofu yako, nami ninayo. Lakini kijana wa umri ule akiambiwa kila jioni kwamba hakuna kazi itakayobaki, ataacha kusoma. Mweleze pia upande wa pili wa mkonge. Katika jani lote, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kilichobaki kilimwagwa na kuoza kwa vizazi, mpaka pale Hale ukajengwa mtambo unaotumia mabaki hayo kutengeneza gesi na umeme. Na mkonge wenyewe umeanza kulimwa tena na wakulima wadogo, baada ya watu wazima wenye busara kusema kwamba umekufa. Vijana wanaofanya kazi hizo leo hakuna mwalimu aliyewaandaa kwa ajili yake. Waliandaliwa kwa kemia, kwa hesabu na kwa kilimo, wakayapeleka huko.

Kuhusu ada ya Januari, msihangaike peke yenu. Machungwa yameshika vizuri mwaka huu, na baba yako amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa Tanga asiyesubiri bei ishuke katikati ya msimu. Sehemu yetu tutaituma. Nanyi njooni likizo ya Juni pamoja na watoto wote, kwa sababu tunataka shamba lipimwe na kupatiwa hati ya hakimiliki ya kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, likiwa na majina yenu ndugu wote, wa kike na wa kiume. Majirani wa mipaka wamekubali kuwapo, na mzee wa upande wa mtoni ndiye pekee anayekumbuka jiwe la zamani lilipo. Mkubwa aje na daftari aandike vipimo, na mdogo wake ndiye atakayewasomea wazee fomu kabla hawajatia saini. Mwambie mumeo alete nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Ni mimi,
Mama yako