Umejuaje? Swali la kuuliza kabla habari haijatoka

Waandishi wachanga huniuliza waanzie wapi wakitaka kuaminika. Wengi hutarajia niwape orodha ya maadili, na orodha zipo. Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari lilipitisha azimio lake Bordeaux mwaka 1954, likaongeza hati nyingine Tunis mwaka 2019. Isome, ni fupi. Ila nimekaa dawati la uhariri vya kutosha kujua kwamba habari nyingi mbovu huandikwa na watu wanaoyajua maadili kwa moyo. Wanachokosa ni zoea la kumuuliza kila anayewapa taarifa: umejuaje?

Mwandishi mmoja aliniletea habari ya mkurugenzi aliyedaiwa kusimamishwa kazi, akijivunia vyanzo vitatu. Nikamrudisha kwa kila mmoja na swali hilo. Wa kwanza aliambiwa na wa pili. Wa pili aliona ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Wa tatu, aliyeongea kwa uhakika kuliko wote, ndiye aliyeutuma ujumbe wenyewe, naye alisikia kwa dereva. Vyanzo vitatu vikageuka dereva mmoja ambaye hakuna aliyeongea naye. Huenda dereva alikuwa sahihi (madereva husikia mengi), lakini tulichokuwa nacho ni fununu.

Jibu la swali hilo ndilo linalokupa pia namna ya kuandika. "Chanzo cha kuaminika" halimwambii msomaji kitu. Ni wewe tu unayemwamini. "Ofisa aliyehudhuria kikao hicho, aliyeomba asitajwe kwa kuhofia kufukuzwa" linamwonyesha msomaji taarifa imetoka wapi na kwa nini jina halipo. Mkubaliane kabla hajaanza kusema, si baada: anaweza kunukuliwa? Kwa cheo gani? Na mhariri wako ajue jina, hata kama msomaji hatalijua.

Sasa upande wa pili. Kumpigia mtuhumiwa simu moja ukurasa ukiwa unafungwa, kisha kuandika "hakupatikana", ni ujanja, na wasomaji wameshauzoea. Mpe tuhuma zenyewe, moja moja, kwa maandishi, na muda wa kujibu. Mwaka 2014 jarida la Marekani la Rolling Stone lilichapisha simulizi ya ubakaji chuoni. Ndani yake marafiki watatu wa mwanafunzi aliyedai kubakwa walinukuliwa, kumbe maneno yao yalitoka kwa mwanafunzi huyo mwenyewe. Mwandishi hakuwahi kuwafikia, wala hakumpata mtuhumiwa mkuu. Aprili 2015 jarida likaifuta habari hiyo na kuchapisha uchunguzi wa Shule ya Uandishi wa Habari ya Columbia. Simu tatu tu zingeonyesha mapema kwamba kuna jambo haliko sawa.

Na usione haya kumuuliza hata mwenzako wa dawati moja. Claas Relotius wa jarida la Ujerumani la Der Spiegel alikuwa na tuzo kibao, na jarida lake lina idara ya uhakiki inayosifika. Aliyembaini mwaka 2018 kwamba anabuni habari ni Juan Moreno, mwandishi aliyeshirikiana naye habari moja. Moreno alikwenda mwenyewe Arizona, akakuta watu waliodaiwa kuhojiwa hawamjui kabisa Relotius. Alipoanza kulalamika, wakubwa walimtilia shaka yeye kwanza. Ndivyo vyumba vya habari vilivyo: nyota haulizwi. Ukiwa mhariri, anza na huyo huyo nyota.

Kuhusu bahasha za pesa wanazopewa waandishi sina mengi. Anayekulipa nauli ya kuja kwenye mkutano wake ameshanunua aya yako ya kwanza.

Kosa likishatoka, usilifute kimyakimya ukidhani hakuna aliyeona. Picha ya skrini tayari iko kwenye simu ya mtu. Andika kilichokosewa, kilicho sahihi, na lini umekirekebisha. Kama kosa lilikuwa kwenye kichwa cha habari, masahihisho yasijifiche mkiani. Na kama habari ilisambazwa mitandaoni, sahihisho nalo lisambazwe kwenye kurasa zile zile, kwa sababu aliyeisoma jana hatarudi kuangalia.