Kaizari Constantine aliamini kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye jumuiya yetu tumebishana hadi usiku. Mwenzetu mmoja anadai Constantine, yule kaizari wa Roma ya kale, hakuwa Mkristo, ila alitumia dini kujipatia madaraka, ndiyo maana alibatizwa mwaka 337 akiwa mahututi. Unasemaje?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hoja ya ubatizo ndiyo inayopendwa na wengi, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Babu yangu mzaa mama alisali miaka mingi kwenye benchi la nyuma, jirani na mlango, kwa sababu alikuwa na wake wawili. Katekista alimbatiza kitandani kwa maji ya kikombe cha bati. Kikombe nilikishika mimi. Pale kijijini hakuna aliyesema babu hakuamini. Enzi za Constantine nako wengi walichelewa makusudi, wakihofia kuanguka dhambini baada ya kuoshwa. Habari zake zinasema alipokwisha kubatizwa hakuigusa tena zambarau ya kifalme. Alikufa katika mavazi meupe.

Ugumu uko kwenye sarafu. Mwaka 312 alimshinda Maxentius, mpinzani wake katika kugombea utawala, nje ya Roma, na ushindi huo akamhesabia Mungu wa Wakristo. Medali ya fedha ya 315 ina alama ya Kristo, ndogo sana, kwenye kofia yake ya chuma. Lakini sarafu zake nyingine za miaka hiyohiyo zinalisifu Jua Lisiloshindwa, mungu wa Warumi, na sheria yake ya 321 ya mapumziko ya Jumapili inaitaja "siku ya Jua", Kristo hayumo.

Hata hivyo, siasa peke yake hainitoshi. Wakristo walikuwa wachache, hasa magharibi alikoanzia, na askari wake wengi waliabudu miungu ya zamani. Angepata faida gani kubwa kwa Wakristo hao wachache? Tena kuna barua ya mwaka 314 kuhusu ugomvi wa Wakristo wa Afrika Kaskazini: anamwambia ofisa wake kwamba ugomvi huo ukiachwa, Mungu anaweza kumkasirikia yeye Constantine mwenyewe. Hiyo ni hofu ya mtu anayeamini. Naamini aliamini, ingawa Jua alichelewa kuliacha.

Kinachonisumbua mimi ni mwaka 326. Mwaka mmoja tu baada ya kukaa na maaskofu kwenye Mtaguso wa Nikea, aliamuru Crispus, mwanawe wa kwanza, auawe. Mwenzenu angeanzia hapo, ningekosa la kumjibu.