Habari mbaya zinamfikia saa ngapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Nini kinamfanya mtu awe kiongozi mzuri kazini?" Najua mtaletewa maono, nidhamu, kujiamini na kadhalika. Mimi nina kipimo kimoja tu: habari mbaya zinamfikia saa ngapi. Akizipata wakati jambo bado linarekebishika, huyo ni kiongozi. Akizisikia kutoka kwa mteja, basi ana cheo, na cheo kila ofisi inacho.

Nafanya kazi kwenye uwakala wa forodha, Kurasini. Kwetu muda ni pesa taslimu. Meli ikishashusha, kontena lina siku zake za bure. Zikiisha, bandari au bandari kavu inaanza kuhesabu storeji, na wenye meli nao wanahesabu siku ambazo kontena lao halijarudi tupu. Idi wala Krismasi haiwasimamishi. Kosa la asubuhi likisemwa asubuhi, kazi yake ni kuomba kurekebisha kadhia, yaani tamko la mzigo tunalopeleka forodha, na kupiga simu mbili tatu. Likifichwa wiki nzima, linakuwa mamilioni, na mteja anahamia kwa wakala wa ghorofa ya pili.

Ofisi niliyoanzia, ambayo siitaji, ilikuwa na meneja hodari kwelikweli. Namba za ushuru za bidhaa alikuwa nazo kichwani, na asubuhi alifika kabla ya mfagizi. Lakini mtu akikosea, kosa lilianikwa kwenye grupu la WhatsApp: jina, picha ya hati, na alama za mshangao mstari mzima. Tukazoea kuficha. Kijana mmoja alipishanisha tarakimu mbili za namba ya kontena. Aliliona kosa jioni ileile. Akanyamaza, akaanza kuhangaika kimyakimya kupitia watu anaowafahamu, huku mteja wa Kariakoo akiambiwa kila siku "tunafuatilia." Ofisi nzima tulijua. Hata dereva alijua. Asiyejua alikuwa meneja peke yake, mpaka mwenye mzigo alipompigia mwenyewe, na storeji imeshapanda.

Kijana alifukuzwa, na meneja akasema amesafisha ofisi. Alichofanya kwa kweli ni kuwafundisha waliobaki kuficha vizuri zaidi.

Bosi niliye naye sasa ni dada ambaye nusu ya ofisi inamzidi umri. Asubuhi, kabla ya chai, anatukusanya tukiwa tumesimama na kuuliza: "Nani ana mzigo unaomnyima usingizi?" Mtu akisema, swali linalofuata ni "tunafanyaje sasa?" Habari ya nani kafanya nini inakuja baadaye, chumbani kwake, mlango umefungwa. Msidhani ni mpole. Barua za onyo anaandika, na ukificha kosa barua yako inakuwa nzito kuliko ya aliyekosea akasema. Tofauti hiyo ndiyo inayotufungua midomo.

Hapa kuna jambo ambalo semina za uongozi za hotelini, zile za vyeti na sambusa, haziligusi: utamwongozaje mtu unayemwamkia? Vijana wengi waliopewa vyeo hapa Dar wanateleza pande mbili. Kuna anayeacha kuamkia akidhani shikamoo inamshusha, na wazee wanamkunjia moyo siku hiyohiyo. Na kuna anayeamkia vizuri halafu anaona haya kudai kazi, kwa hiyo mzee anafanya anavyotaka. Tuna mzee wa shughuli za bandarini, ameanza enzi za makaratasi matupu, kila geti anajulikana. Siku moja lori lilikwama usiku kucha kwa sababu hakufuatilia kibali cha kutoka. Asubuhi dada akaenda kwenye meza yake:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mzee, lile lori limelala getini. Naomba maelezo kabla ya saa nne, na ya maandishi."

"Utayapata, bosi."

Mwanangu, kisha bosi, kwa pumzi moja, na hakuna aliyeona ajabu. Maelezo yalikuja, na kweli yote ilikuwamo.

Tusijidanganye kwamba madai haya ya heshima kazini ni ya kisasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kwenye kifungu cha 15, ulikataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikichukua kifungu kile kwa uzito kuliko wakubwa walivyotarajia: miaka iliyofuata waligoma, na kwingine wakawafungia mameneja nje. Hawakugombea mshahara peke yake. Matusi na dharau vilikuwamo kwenye orodha.

Kingine, kiongozi aijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kumwachisha mtu kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki. Bosi anayetamka "kesho usije" mbele za watu anajitafutia safari ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maana aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake. Ila mimi naitazama zaidi kwa upande wa kipimo changu. Mtu anayejua hafukuzwi kwa hasira ya dakika moja ndiye anayethubutu kusema mapema. Hali kadhalika likizo ya siku 28 na malipo ya saa za ziada: ukimpunja mtu haki yake iliyoandikwa, kwa nini akuletee siri za makosa yake?

Halafu kuna msemo wanaoupenda sana watoa semina: usiniletee tatizo bila suluhisho. Unasikika mzuri, lakini kwenye kazi kama yetu unaangamiza. Karani mgeni hana suluhisho. Suluhisho analo mzee wa bandarini au dada mwenyewe. Ukimzuia asiseme mpaka alipate, atakaa nalo siku tatu, na siku tatu zina bei. Ni kweli kwamba mlango ukiwa wazi wapo wanaoleta hata lisilo tatizo, na asubuhi nyingine kikao kinatuchosha. Bora uchovu huo.

Mnaweza kuuliza, na yeye je, huwapelekea wakubwa wake habari mbaya? Hapo ndipo wengi wanaanguka: chini wanadai ukweli, juu wanapeleka marashi. Majuzi kontena la mteja mkubwa lilipitiliza siku, na kosa lilikuwa la ofisi. Dada alimpigia mkurugenzi kabla ya saa sita, akamwambia gharama ni zetu na kiasi ni hiki. Kelele za simu tulizisikia mpaka mapokezi. Hakumtaja mtu, na baada ya simu ile hakuna aliyeitwa juu.

Msomaji wenu,
Kurasini, Dar es Salaam