Maswali ya Wasomaji: Ndama Akichomwa Pembe, Ubongo Unaonyesha Nini?

SWALI: Nina ng'ombe watatu wa maziwa wa kufungia ndani. Kijana mmoja anayesoma chuo cha mifugo Buhuri ananiambia wataalamu hupima maumivu ya ndama kwa mawimbi ya ubongo. Mnyama hasemi, sasa mashine inajuaje kwamba anaumia? – Mfugaji, Pongwe

JIBU: Mashine haijui maumivu, ndugu mfugaji. Inasoma umeme tu. Seli za ubongo zikifanya kazi kwa pamoja hutoa umeme mdogo unaopenya fuvu na ngozi, wa makumi ya maikrovolti. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mara 30,000 ya maikrovolti 50. Si jambo jipya: Richard Caton wa Liverpool aliunasa umeme huo kwenye bongo za sungura na nyani mwaka 1875, zaidi ya miaka 50 kabla Hans Berger hajachapisha mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1929.

Njia inayotumika sana kwa mifugo ilijengwa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand. Ndama hulazwa usingizi kwa hewa ya halothani, kisha dawa hupunguzwa mpaka asilimia 1 au pungufu ya pumzi anayotoa. Hapo hana fahamu, hapigi teke, lakini ubongo bado unaitikia kinachotendeka mwilini. Wengi huuliza kwa nini wampime aliyelala. Kwanza, akiwa hana fahamu hateseki kwa ajili ya kipimo. Pili, ndama aliye macho hutafuna, hutikisa masikio na kuogopa watu, na kila kimoja huacha alama kwenye mchoro. Halothani ilichaguliwa kwa sababu haizimi mawimbi sana. Isoflureni, iliyozoeleka zaidi siku hizi, huyakandamiza kiasi kwamba huoni mabadiliko madogo.

Elektrodi ni sindano tatu nyembamba chini ya ngozi: moja kwenye paji la uso, ya pili nyuma ya sikio, ya tatu kisogoni kama waya wa ardhi. Mawimbi hurekodiwa kwanza ndama akiwa ametulia, hajaguswa. Halafu kitendo hufanyika na kurekodi kunaendelea. Kompyuta hukata mchoro vipande vya sekunde moja moja na kutoa namba tatu: kasi (mitetemo kwa sekunde) inayogawa nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu, kasi ambayo chini yake iko asilimia 95 ya nguvu hiyo, na jumla ya nguvu yote. Kitendo kinachoumiza kwa kawaida hupandisha zile mbili za kwanza na kushusha ya tatu.

Walipokata pembe za ndama kwa chombo cha kung'olea (hakikuwa chuma cha moto), namba zilibadilika hivyo hivyo. Ndama waliozungushiwa ganzi kwenye shina la pembe hawakuonyesha mabadiliko hayo. Ushahidi uko kwenye tofauti hiyo baina ya makundi mawili. Mchoro wa ndama mmoja peke yake haukuambii kitu, na anayekuonyesha mstari mmoja akasema "haya hapa maumivu" anakudanganya.

Makosa ni mengi. Misuli ya taya na masikio hutoa umeme wa kasi kubwa unaopandisha namba ya asilimia 95, na asiyejua atasema ni maumivu. Umeme wa ukutani wa hezi 50 huingia kwenye waya, kwa hiyo waya za elektrodi husokotwa pamoja na ampilifaya (kifaa cha kukuza mawimbi) huendeshwa kwa betri. Mapigo ya moyo nayo huonekana. Ng'ombe mzima ana uwazi mpana ndani ya mfupa wa paji, na mawimbi hufifia kabla ya kufika nje. Wanakondoo wa siku chache tangu kuzaliwa huonyesha mwitikio mdogo kuliko wa wiki moja au mbili, lakini usichukue hilo kuwa ruhusa ya kuwakata bila dawa: ubongo mchanga haujazoea kutoa mawimbi kama ya mkubwa.

SWALI: Hiyo mashine sina wala sitaipata. Nikitaka ndama wangu asiumie nikimchoma vichipukizi vya pembe, nifanye nini? Na kwa mbuzi ni hivyo hivyo? – Mama mfugaji, Muheza

JIBU: Mwite daktari wa mifugo au ofisa ugani mwenye ganzi ya lignokeini asilimia 2, na afanye kabla ndama hajatimiza wiki 8. Baadaye kichipukizi hushikamana na fuvu, na kazi hugeuka kuwa upasuaji.

Neva (mshipa wa fahamu) ya pembe hupita chini ya ukingo wa mfupa unaotoka kona ya nje ya jicho kwenda kwenye pembe. Sindano ya sentimita 2.5 huingizwa katikati ya safari hiyo, chini kidogo ya ukingo. Bomba livutwe kwanza. Damu ikiingia, sindano imo kwenye mshipa, isogezwe. Kwa ndama wa kilo 40, mililita 4 kila upande zinatosha: jumla ni miligramu 160, sawa na 4 kwa kilo. Kisha msubiri dakika 10. Hapa ndipo wengi wanapoharibu; wanachoma baada ya dakika mbili, halafu wanasema ganzi haifai. Kope la juu likilegea ni dalili njema, lakini hakikisha kwa kuchoma ngozi kwa sindano kuzunguka kichipukizi chote. Akishtuka upande mmoja, huo uongezewe. Chuma kiwe chekundu, kishikiliwe kama sekunde 10 mpaka pete ya rangi ya shaba ionekane.

Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili na maumivu hurudi, kwa hiyo dawa ya kutuliza maumivu, meloksikamu, miligramu 0.5 kwa kilo itolewe mapema. Soma chupa: ya miligramu 20 kwa mililita, ndama huyo anahitaji mililita 1, ya miligramu 5, anahitaji 4. Jioni kaa naye dakika tano na uhesabu anavyotikisa kichwa na kupiga masikio. Mlinganishe na ndama ambaye hajachomwa. Hicho ndicho kipimo chako, na kanuni yake ni ile ile ya Massey.

Mbuzi ni habari nyingine. Ana neva mbili kila pembe, na lignokeini humdhuru upesi. Mwanambuzi wa kilo 4 asizidishiwe miligramu 20, ambayo ni mililita 1 tu kwa sehemu zote nne. Daktari huizimua ili itoshe. Fuvu lake ni jembamba, chuma kikikaa sekunde nyingi joto hufika kwenye ubongo. Kwa mbuzi usijaribu mwenyewe.

SWALI: Kwa nini mbuzi akichinjwa hutulia haraka, ng'ombe huchelewa? – Muuza nyama, Ngamiani

JIBU: Ni mishipa. Kwa mbuzi na kondoo, damu ya ubongo hutegemea mishipa ya shingoni ambayo kisu huikata. Ng'ombe ana njia nyingine inayopita ndani ya pingili za shingo, kisu hakiifikii. Tena ncha za mishipa yake iliyokatwa huweza kuvimba na kuziba. Mawimbi ya kondoo hufifia kwa sekunde chache, ya ng'ombe hutofautiana sana na baadhi hupita dakika nzima.

Mwaka 2009 watu wa Massey walitenganisha mambo mawili kwa ndama waliolazwa. Mishipa ya damu ikikatwa peke yake, mwitikio ni mdogo. Nyama ya shingo ikikatwa huku damu ikiendelea kufika ubongoni, mwitikio ni kama wa kuchinja kamili. Kwa hiyo kisu kina kazi kubwa: kiwe kirefu, kikali, bila pengo hata dogo, na kipite bila kusitasita. Usianze kuchuna mpaka uguse jicho na kope lisipepese.

SWALI: Na pweza, naye huumia? – Mvuvi, Kigombe

JIBU: Utafiti wa Robyn Crook, Marekani, mwaka 2021: pweza waliodungwa asidi ya siki mkononi walikikwepa chumba walimodungiwa, na neva ziendazo ubongoni zilionyesha msisimko mrefu. Walipopewa lignokeini, msisimko ulinyamaza.