Fizi na baridi yabisi: je, watu 1,000 wanatosha?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nataka kuangalia uhusiano wa ugonjwa wa fizi na baridi yabisi (rheumatoid arthritis, yaani kinga ya mwili kushambulia viungo) kwa watu wazima 1,000 wa wilaya moja. Nimepanga kuwauliza kama wamewahi kuambiwa wana baridi yabisi, kisha nipime fizi kwa CPI (kipimo cha alama za hali ya fizi katika jamii). Kinachonitatiza ni kuwa utafiti wa Marekani uliuona uhusiano huo, wa Sweden haukuuona. Nifuate upi?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kuchagua upande, tazama kila utafiti ulimhesabu nani kuwa mgonjwa.

Uchambuzi wa Marekani, uliotoka 2008 kwa takwimu za NHANES III (uchunguzi wa afya wa kitaifa wa nchi hiyo), ulikuwa na watu 4,461 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kati yao wenye baridi yabisi walikuwa 103 tu. Uwiano wa odi (1 ni hakuna uhusiano, ukizidi 1 upo) ulikuwa 1.82 kwa ugonjwa wa fizi, na 2.27 kwa kutobakiwa na jino hata moja. Mimi naitazama zaidi hiyo ya pili. Asiye na meno hapimwi fizi, kwa hiyo huenda walioathirika vibaya zaidi walishatoka kwenye hesabu kabla kipimo hakijaguswa. Isitoshe, NHANES III ilipima nusu ya kinywa, sehemu mbili kwa kila jino, na upimaji wa namna hiyo huwakosa wagonjwa wengi.

Wasweden wa EIRA (utafiti wao wa baridi yabisi), kwenye makala ya 2016, walilinganisha wagonjwa 2,740 na watu 3,942 wasio na baridi yabisi, lakini taarifa za fizi walizitoa kwenye rejesta ya meno. Rejesta hukuonyesha daktari aliandika nini na alitibu nini. Kina cha mfuko wa fizi (nafasi kati ya fizi na jino) kwa milimita hakimo. Mwaka huohuo, makala nyingine kutoka EIRA ilipima kwenye damu kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha bakteria Porphyromonas gingivalis, ikakuta ziko juu kwa wagonjwa wa baridi yabisi, hasa wenye anti-CCP (kingamwili inayotambulisha baridi yabisi). Bakteria huyu hugeuza arginini ya protini kuwa sitrulini, na protini za aina hiyo ndizo zinazoshambuliwa na anti-CCP. Umeona basi: chanzo cha wagonjwa ni kilekile, kipimo kimebadilika, na jibu nalo limebadilika.

Sasa mpango wako. Baridi yabisi huwapata takriban watu 5 hadi 10 katika kila watu wazima 1,000. Utazunguka wilaya nzima urudi na wagonjwa wanane, na hakuna hesabu itakayokuokoa hapo. Badili muundo: kusanya wagonjwa wapya wote kutoka kliniki zinazohudumia eneo lenye mipaka inayojulikana, kisha kwa kila mgonjwa chagua kwa bahati nasibu watu wawili hadi wanne wa eneo hilohilo, wa jinsia na rika lake. Hao wa kulinganisha usiwachukue kutoka foleni ya kliniki ya meno, maana hao wamefuata matatizo ya kinywa.

Swali la "umewahi kuambiwa" liondoe. Mtaani kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi, iwe ni jongo au magoti yaliyochakaa kwa umri. Tumia vigezo vya ACR/EULAR (vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya) vya 2010: viungo alama 0–5, vipimo vya damu vya kingamwili (rheumatoid factor na anti-CCP) 0–3, vipimo vya damu vya uvimbe (ESR au CRP) 0–1, muda wa wiki sita au zaidi alama 1, akifikisha 6 kati ya 10, na uvimbe wa kiungo hauna sababu nyingine, ni mgonjwa. Rheumatoid factor peke yake isikudanganye, kwani hupanda pia kwenye maambukizi ya muda mrefu kama kifua kikuu na homa ya ini. Lipia anti-CCP.

CPI ya zamani huangalia kina cha mfuko na kuchukua alama mbaya zaidi ya kila sehemu ya kinywa. Mzee ambaye fizi imeshuka milimita 4 na mfuko una milimita 2 ataonekana mzima, wakati jino limepoteza mshiko wake (kushikwa na fizi na mfupa) wa milimita 6, jumla ya hizo mbili. Pima sehemu sita kwa kila jino ukiacha magego ya mwisho, yaani hadi sehemu 168, na uandike kina na kushuka kwa fizi kila mara. Kisha tumia tafsiri ya CDC/AAP (taasisi ya afya ya umma na chama cha wataalamu wa fizi vya Marekani): ugonjwa mkali ni mshiko uliopotea milimita 6 au zaidi kwenye sehemu mbili za katikati ya meno, kwa meno tofauti, pamoja na angalau sehemu moja ya katikati ya meno yenye mfuko wa milimita 5 au zaidi. Idadi ya meno yaliyobaki iripoti peke yake. Kutoka damu kusiwe kigezo chako kikuu: sigara huificha damu hiyo, na dawa za kupunguza uvimbe zinaweza kuipunguza.

Mpima fizi asijue nani mgonjwa. Vidole vilivyopinda humfichulia siri mara moja, kwa hiyo mshiriki alale mikono ikiwa chini ya shuka, na viungo vikaguliwe na mtu mwingine chumba kingine. Mshiriki mmoja kati ya kumi apimwe mara mbili. Tofauti zikizidi milimita 1 mara kwa mara, simamisheni kazi mfundishane upya.

Sigara iandike kwa pakiti-miaka (sigara 20 kwa siku kwa mwaka mzima ni 1), maana huchochea magonjwa yote mawili, "anavuta/havuti" haitoshi. Pima pia HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu). Ugumu wa kushika mswaki uulize, lakini usiutie kwenye modeli kuu ya hesabu: umeletwa na ugonjwa wenyewe, na ukiurekebisha unafuta sehemu ya kile unachokitafuta.

Jambo la usalama: kabla ya kuingiza kipimo kwenye fizi, muulize kila mtu kuhusu vali bandia ya moyo au endokaditisi (maambukizi ya utando wa ndani wa moyo) ya zamani. Kwetu moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki si jambo adimu, na kupima fizi huingiza bakteria kwenye damu. Mwenye historia hiyo asipimwe mpaka daktari wake wa moyo aamue kuhusu antibiotiki ya kinga, na kipengele hicho kiwemo kwenye fomu ya ridhaa utakayopeleka kamati ya maadili.