Msomi ni yule anayesoma

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini mawakili wetu huitana “msomi”, na neno la Kiingereza lililoleta desturi hiyo lina maana gani? Nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani hapa Kigoma, Kiha na Kiswahili, na neno hilo nimelisikia karibu kila shauri. Naomba nijibu kwa kirefu.

Neno lenyewe ni “learned”. Limezaliwa na kitenzi cha kujifunza, ila zamani kitenzi hicho kilibeba pia maana ya kufundisha. Kwa hiyo “learned” hapo mwanzo alikuwa mtu aliyefundishwa, akafundishika. Likitumika kama sifa ya mtu husomwa kwa silabi mbili, kitu kama “la-nid”. Wanasaikolojia nao wana neno hilohilo, kwa herufi zilezile, wanapotaja tabia ambayo mtu hakuzaliwa nayo bali amejifunza; hao hulitamka kwa silabi moja. Wanafunzi wengi hukwama hapo. Tena Marekani alikuwapo jaji mashuhuri, Learned Hand (1872–1961), na wapo wanaodhani lile la kwanza ni cheo. Ni jina tu, la ukoo wa mama yake.

Sasa mahakamani. Uingereza ina mawakili wa aina mbili: anayesimama kutetea mbele ya majaji, na anayeonana na mteja na kuandaa nyaraka. Kwa desturi, yule wa kwanza huitwa na wenzake “rafiki yangu msomi”, na wa pili huitwa “rafiki yangu”, basi. Sisi hatuna mgawanyo huo, wakili ni wakili, kwa hiyo heshima ile tuliyoirithi imewaenea wote. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, “wakili msomi” limezidi kushika mizizi.

Mimi nalitetea neno hilo pale mahakamani. Halipimi elimu ya mtu: aliyeapishwa juzi na aliyezeekea kwenye joho wote ni wasomi. Kazi yake ni kulinda adabu pale watu wawili wanapolipwa ili wapingane. Wakili akisema “nadhani msomi mwenzangu amepotoka katika hoja ya pili”, kinachoguswa ni hoja. Mtu anabaki na heshima yake. Nimeona mabishano makali yakiisha bila tusi, na naamini neno hilo lina mchango wake.

Tatizo linaanza likivuka mlango. Siku moja mama mmoja wa Kibirizi, muuza dagaa, alikuja kutoa ushahidi. Alisimama kizimbani na kanga yake kaifunga vizuri, akijibu kwa Kiha taratibu, nami natafsiri. Wakili mmoja akawa anamtaja mwenzake “wakili msomi” kila baada ya sentensi mbili. Tulipotoka nje mama akanivuta pembeni: “Mwanangu, kwani yule anayemsifu mwenzake, yeye hakusoma?” Nilimweleza, akaitikia kwa kichwa, lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwa masikio yake sifa ile ilikuwa sifa kweli, na sisi wengine pale ndani hatukuwa nayo.

Hapo ndipo nataka wasomaji tuangalie Kiswahili chetu. Mpishi ni yule anayepika, mlinzi ni yule anayelinda. Akiacha kulinda tunasema alikuwa mlinzi. Msomi naye ameundwa vivyo hivyo: ni mtu ambaye kusoma ndiyo shughuli yake. Kiingereza kilianza kwa kumtazama aliyefundishwa. Kiswahili kinamtazama anayesoma. Mwenye shahada iliyofungiwa kabatini tangu mahafali, ambaye hajafungua kitabu tena, tunamwita msomi kwa ukarimu tu.

Na mkoa wetu una ushahidi. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Gombe, msitu wa sokwe hapa Kigoma, mwaka 1960 bila shahada yoyote, na mwaka huohuo akawaona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilimpokea kwa udaktari wa falsafa bila shahada ya kwanza, akaupata mwaka 1966. Huyo dunia nzima inamjua. Wachache zaidi wanamjua Hilali Matama, Mtanzania msaidizi wa utafiti, ambaye Januari 1974 alishuhudia sokwe dume aitwaye Godi akishambuliwa na sokwe wa kundi la jirani. Ushahidi wake ulifungua habari ya vita vya sokwe, jambo ambalo wanasayansi wengi hawakulitarajia. Mwaka uliofuata, baada ya wanafunzi wa kigeni kutekwa pale Gombe, kazi ya kuwafuata sokwe na kuandika kila siku ilibebwa zaidi na wasaidizi kama yeye, wenyeji wa vijiji hivi vyetu. Waliandika kwa Kiswahili. Ukiniuliza wasomi wa Kigoma ni akina nani, nitaanza na hao.

Kwa mawakili nina ombi moja dogo. Mkisemezana wenyewe kwa wenyewe, au mkimhutubia jaji, endeleeni na “msomi”. Lakini mkimhoji shahidi, mtajeni mwenzenu kwa jina: “Wakili fulani amekuuliza hivi, ukajibu hivi.” Shahidi ataelewa upesi, na mkalimani atashukuru.