Walihesabu herufi moja moja

Ndugu, umeuliza tutajuaje Agano la Kale halikuharibika kwa kunakiliwa kwa mkono karne zote hizo. Waangalie Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi wa Tiberia, takriban karne ya 7 hadi ya 10. Pembeni mwa ukurasa waliandika vijinoti vidogo mno. Herufi ya Kiebrania lamedi peke yake ilimaanisha: neno hili, kwa umbo hili, halipo kwingine. Mnakili akiliandika tena mahali pengine kwa bahati mbaya, kosa linaonekana. Hata herufi iliyohesabiwa kuwa ya katikati ya Torati, vavu katika Walawi 11:42, mpaka leo huandikwa kubwa kuliko wenzake. Uangalifu huo hunigusa sana kila nikiufikiria.

Magombo ya kale ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yalipoanza kupatikana mwaka 1947, Gombo Kuu la Isaya lilikuwa la kale kuliko kodeksi ya Leningrad, nakala kamili ya Agano la Kale ya Wamasoreti (1008 hivi), kwa miaka elfu na zaidi. Nakala hizo mbili za Isaya zinatofautiana mahali pengi, lakini sehemu kubwa ni tahajia. Ila asikwambie mtu kwamba hakuna kilichotofautiana: huko huko Qumran kuna vipande vya Yeremia vyenye maandishi mafupi kuliko ya Wamasoreti.